Nanotyubu za kaboni hazioti? Kagua sapoti kwanza kabla hujalaumu gesi

Nanotyubu za kaboni ni vibomba vidogo mno vya kaboni vinavyoota kwenye chembe za metali, kama chuma, ukipitisha gesi yenye kaboni kwenye tanuru la moto, na metali hiyo ndo kichocheo. Zikigoma kuota, kitu cha kwanza kulaumiwa ni gesi, cha pili joto la tanuru, alafu watu wanahamia kwenye chuma, na sapoti inakumbukwa mwishoni kabisa kama inakumbukwa. Mimi naona mpangilio huo uko kinyume. Sapoti, yaani kile kinachobeba kichocheo, iwe ni unga wa alumina (oksaidi ya alumini) au magnesia (oksaidi ya magnesi), iwe ni tabaka jembamba juu ya kisahani cha silikoni, ndo inaamua chembe za chuma zitakuwa na ukubwa gani, zitakaa juu au zitazama, zitabaki metali au zitageuka kitu kingine kisichofanya kazi, na zitaishi dakika ngapi kabla hazijafa. Gesi inafanya kazi na kile ambacho sapoti imekuachia, basi.

Piga hesabu ndogo uone. Atomi za metali zinaanza kuhama hama kwa nguvu ukifika karibu nusu ya joto lake la kuyeyukia kwa kelvini, na kwa chuma hiyo ni kama nyuzi 630 za Selsiasi, kobalti kama 610, nikeli kama 590. Sisi tunaotesha kati ya 650 na 850. Maana yake muda wote wa kazi kichocheo chako hakijatulia, kinatembea, kinatafuta kuungana, na kinachokizuia ni namna kinavyoshikana na sapoti iliyo chini yake. Ikishika kidogo sana chembe zinaungana zinakuwa mabonge, ikishika sana metali inamezwa. Karibu kila dalili nitakayoitaja hapa chini inatokana na mojawapo ya hizo mbili.

Kabla hujagusa chochote: pitisha sapoti tupu

Chukua sapoti ileile, bila metali, iweke kwenye boti ya seramiki, ipitishe hatua zote kama kawaida, hidrojeni, joto, asetilini au ethilini, muda uleule. Ni jaribio la nusu siku na watu wanaliruka. Ikitoka nyeusi ujue sehemu ya weusi uliokuwa unauhesabu kama nanotyubu ulikuwa ni masizi tu, kwa sababu alumina na zeolaiti (madini yenye vitundu vidogo sana) zina sehemu zenye tabia ya asidi ambazo zenyewe zinavunja asetilini na kujipaka kaboni isiyo na mpangilio, hazihitaji chuma. Magnesia haina tabia hiyo kwa kiwango hicho. Na kama hata ukuta wa tyubu ya kwatzi umekuwa mweusi mbali na boti basi gesi inavunjika yenyewe ikiwa bado inapita, haijagusa kichocheo, joto ni kubwa mno kwa asetilini, shusha joto au punguza asetilini kabla hujaendelea na haya mengine.

Matokeo ya jaribio hilo yaandike, utayahitaji tena kwenye hesabu ya uzito.

Kisahani cha silikoni kimetoka kinang'aa vilevile

Umepaka nanomita 1 au 2 za chuma juu ya silikoni, umepandisha joto mpaka 750, umetoa, hakuna kitu, labda kivuli cha kijivu tu. Swali la kwanza: kati ya chuma na silikoni kuna nini? Kama hakuna kitu, au kuna ile oksaidi ya asili tu ambayo ni nanomita moja au mbili, basi chuma kimezama na kimeungana na silikoni kikawa silisaidi, na silisaidi ya chuma haioteshi vizuri. Hapo hakuna gesi itakayokusaidia.

Tabaka nene la silika (oksaidi ya silikoni), tuseme nanomita 100 na kuendelea, linazuia kuzama kwenda kwenye silikoni, lakini haliwezi kuzishika chembe zisitembee, kwa hiyo utapata nanotyubu chache, nene, zimelala kama nyasi zilizokanyagwa. Ukitaka msitu uliosimama, yaani nanotyubu nyingi zimebanana mpaka zinasukumana kwenda juu, weka alumina. Nanomita 10 za alumina chini na nanomita 1 ya chuma juu, huo ndo mpangilio uliozoeleka dunia nzima. Alumina inashika chuma kupitia oksijeni, chuma kinatandazika kwanza, kikija kukusanyika kinatoa chembe ndogo nyingi zilizokaribiana, na kila chembe inabaki palepale ilipo. Nanotyubu inaota kutoka chini, chembe imebaki imeng'ang'ania sapoti. Kwenye nikeli juu ya silika mara nyingi inakuwa tofauti, metali inanyanyuliwa na kubaki kwenye ncha ya juu, na ndivyo mtafiti Baker alivyoeleza mwaka 1972 akiangalia nyuzi za kaboni zikiota kwenye nikeli kwa asetilini. Kwa hiyo ukiweka sampuli kwenye SEM (hadubini ya elektroni) angalia ncha, ukiona kitone cheupe juu ya kila uzi ujue metali na sapoti hazishikani sana, ukiona ncha ziko safi ujue zinaotea chini.

Alumina ipo na bado hamna kitu? Angalia unene wa chuma. Nanomita 5 si kichocheo cha msitu tena, ni chembe kubwa ambazo zinajifunika kaboni na kulala. Alafu uliza alumina ilipakwaje, hiyo nakuja nayo chini kwenye msitu unaokatika, ndo penye utamu wa hii kazi yote.

Unga umetoka na rangi ya bluu

Hii ni dalili nzuri sana kwa sababu inaonekana kwa macho na haihitaji mashine. Umelowesha gama-alumina (aina ya alumina yenye vitundu vingi) kwa maji yenye chumvi ya kobalti, umekausha, umechoma kwenye hewa, na unga uliotegemea uwe mweusi wa oksaidi ya kobalti umetoka na bluu kali ya kupendeza. Hiyo bluu ni alumineti ya kobalti, ni ileile rangi wachoraji wanayotumia, na kobalti iliyofungwa humo hidrojeni haiitoi kwenye 600 wala 700, inataka joto kubwa kuliko hilo. Umepoteza kichocheo kabla hujafungua gesi. Nikeli nayo inafanya hivyohivyo, rangi yake inaelekea kwenye bluu ya maji. Chuma kinaweza kuunda kitu cha jamii hiyo pia ila rangi haikusaidii sana kugundua, hapo inabidi XRD (kipimo cha eksirei kinachoonyesha aina ya kristali) au upime hidrojeni inaliwa kwenye joto gani.

Chanzo karibu kila mara ni kuchoma kwenye joto la juu mno. Chumvi za naitreti zinavunjika vizuri kabisa kwenye 400 hadi 450, hakuna sababu ya kwenda 700 au 800 eti ili kichocheo kiwe imara. Chanzo cha pili ni metali kidogo sana kwenye sapoti yenye eneo kubwa: gama-alumina ina mita za mraba 100 mpaka 300 kwa gramu, ukiweka asilimia 1 ya kobalti yote inaishia kuongea na alumina tu, haibaki ya kuunda chembe. Ongeza metali, shusha joto la kuchoma, na kama bado badilisha sapoti. Na wakati unachoma, moshi wa kahawia unaotoka ni oksaidi za naitrojeni, ni sumu, fanya ndani ya kabati la moshi.

Kwenye magnesia ugonjwa ni huohuo ila hauna rangi ya kukuonya. Kobalti, nikeli na chuma vinaingia ndani ya magnesia vinakuwa kitu kimoja nayo, unga unaonekana mzuri tu, halafu kwenye tanuru unatoa weusi hafifu. Lakini hapa kuna upande wa faida: metali inayotoka polepole, kidogo kidogo, kutoka ndani ya magnesia inatoa chembe ndogo sana, ndo maana magnesia yenye chuma au kobalti kidogo imetumika sana kutengeneza nanotyubu za ukuta mmoja. Molibdeni, metali nyingine, inasaidia kwenye mchezo huohuo. Mfano unaojulikana ni ule mchakato wa CoMoCAT uliotoka Chuo Kikuu cha Oklahoma kwa kina Resasco, kobalti na molibdeni juu ya silika, gesi ni kaboni monoksaidi: molibdeni inaishika kobalti isiungane, na pale inapogeuka kabaidi inaiachia kidogo kidogo ikiwa bado ndogo. Silika peke yake isingeweza kuishika.

Msitu unaota vizuri alafu unakatika

Dakika tano za kwanza safi, urefu unapanda, baada ya hapo hauongezeki hata uache gesi saa nzima. Wengi wanasema chembe zimefunikwa na kaboni, na ni kweli hilo linatokea, ndo maana kazi ya Kenji Hata na wenzake kule taasisi ya utafiti ya AIST, Tsukuba, Japani, mwaka 2004 iliwashtua watu: waliweka mvuke wa maji kidogo sana kwenye ethilini, na msitu wa nanotyubu za ukuta mmoja ukafika milimita 2.5 ndani ya dakika 10. Maelezo ya mwanzo yalikuwa kwamba maji yanasafisha kaboni chafu kwenye chembe. Ila mwaka 2009 Amama na wenzake wakaonyesha kwamba maji yanafanya kazi nyingine pia, yanapunguza kasi ya chembe kubwa kumeza ndogo. Hilo ni jambo la sapoti, kwa sababu kumezana kunatokea kwa atomi kusafiri juu ya uso wa alumina kutoka chembe moja kwenda nyingine, na uso wenye oksijeni na haidroksili (OH) nyingi unawachelewesha wasafiri hao.

Kuna na njia nyingine ya kufa ambayo watu wanaisahau kabisa: chuma kinazama ndani ya alumina yenyewe. Si kuungana, si kufunikwa, kinapenya kwenda chini taratibu mpaka juu hakuna kinachobaki cha kuotesha. Chembe zinapungua moja moja, msongamano wa msitu unashuka, na ikifika mahali nanotyubu zilizobaki hazitoshi tena kushikiliana zisimame, ukuaji unasimama ghafla kwa pamoja. Ndo maana unaona kama umekatwa kwa kisu badala ya kupungua polepole. Weka kipande cha msitu pembeni kwenye SEM, angalia juu na chini: juu zimebanana na zimenyooka, chini kabisa zimelegea, zimejikunja, zina nafasi. Ukiona hivyo, usihangaike na kiwango cha ethilini, kichocheo kimepungua idadi.

Sasa aina ya alumina inaingia hapa kwa nguvu zote, maana jina alumina linabeba vitu vingi sana. Iliyopakwa kwa kurushwa na plazma, iliyopakwa kwa mvuke wa boriti ya elektroni, iliyojengwa tabaka kwa tabaka, na safaya ambayo ni kristali kamili, zote kwenye karatasi ni Al2O3, lakini zina uwazi tofauti, ulegevu tofauti wa mpangilio, na uso tofauti. Zikilinganishwa kwa chuma kilekile na gesi ileile, ile ya plazma ndo inadumu na kuotesha vizuri, safaya inakuwa ya mwisho. Usifikirie usafi wa kristali ni sifa hapa. Alumina iliyolegea kidogo, yenye oksijeni na haidroksili, inashika chuma vizuri zaidi. Na ukiichoma alumina yako kwenye joto kubwa kabla ya kupaka chuma, ukidhani unaiimarisha, unaisogeza kuelekea safaya. Acha hiyo tabia.

Kwa hiyo msitu ukikatika mapema fuata hivi. Punguza muda wa hidrojeni kabla ya kuingiza gesi ya kaboni, maana dakika 30 za hidrojeni kwenye 750 ni dakika 30 za chembe kumezana na kuzama bila kuotesha chochote, dakika chache zinatosha kutoa oksijeni kwenye chuma cha nanomita 1. Shusha joto nyuzi 20 au 30 uone kama maisha yanaongezeka. Weka maji kidogo, sehemu chache tu kati ya milioni, mamia kwa juu kabisa, ukizidisha yanachoma nanotyubu zenyewe na kurudisha chuma kuwa oksaidi. Kama unaweza kubadilisha namna ya kupaka alumina, badilisha hiyo kwanza kabla ya yote niliyotaja, kwa sababu marekebisho mengine yanajaribu kupunguza madhara ya sapoti mbaya na hayaiondoi.

Nene na nyembamba zimechanganyika

Kipenyo cha nanotyubu kinafuata kipenyo cha chembe, kwa hiyo mchanganyiko wa vipenyo ni mchanganyiko wa chembe, na kwenye unga chanzo kikubwa ni namna ulivyolowesha na kukausha. Pima kwanza sapoti inakunywa maji kiasi gani: gramu moja ya unga, maji tone kwa tone huku unakoroga, simama pale unga unapoanza kushikana na kung'aa unyevu. Hicho ndo kiasi cha maji ya kuyeyushia chumvi yako, kwa kila gramu. Ukiweka zaidi, kimiminika kinabaki nje ya vitundu, kikikauka kinaacha ganda la chumvi juu ya punje na huko ndo chembe kubwa zinazaliwa. Na ukikausha haraka kwenye 120 moja kwa moja, maji yanakimbilia nje yakivuta chumvi nayo. Acha kwenye joto la chumba usiku mzima, alafu 60, alafu ndo 110.

Suala la pili ni chaji ya uso. Silika uso wake hauna chaji kwenye pH ya 2 hadi 3, gama-alumina kama 8, magnesia kama 12. Naitreti ya chuma ikiwa kwenye maji ina asidi kali, pH iko chini kabisa, kwa hiyo kwenye alumina uso unakuwa na chaji chanya na ayoni za chuma nazo ni chanya, vinasukumana, chuma hakishiki mpaka maji yanapokauka ndo kinatua popote. Kwenye magnesia na kalsiamu kaboneti ni tofauti, sapoti inapandisha pH ya maji yenyewe na chuma kinajiganda kama haidroksaidi hapohapo. Ukimimina naitreti ya chuma juu ya kalsiamu kaboneti utaona povu, kaboni dioksaidi inatoka, sapoti inaliwa. Mimina polepole huku unakoroga, ukimimina yote kwa mkupuo sehemu moja inapata chuma chote na sehemu nyingine inabaki nyeupe, na weupe huo utauona kabisa kwa macho baada ya kukauka.

Kuthibitisha: Raman (kipimo cha mwanga wa leza) karibu na 100 hadi 400 kwa sentimita inakuonyesha nanotyubu za ukuta mmoja, 248 ukigawa kwa namba ya kilele unapata kipenyo kwa nanomita kwa kukadiria. Kama hapo hakuna kitu, na kilele cha 1350 kiko juu karibu sawa na cha 1590, una nanotyubu za kuta nyingi zenye kasoro, au masizi, rudi kwenye lile jaribio la sapoti tupu.

Hesabu ya uzito haikubali

Hapa naomba usome taratibu kwa sababu ripoti nyingi za wanafunzi zinaharibikia hapa. Kanuni inayotumika ni uzito baada toa uzito kabla, gawa kwa uzito wa kichocheo. Inafanya kazi kama sapoti haibadiliki uzito, na sapoti nyingi zinabadilika.

Kalsiamu kaboneti ni sapoti nzuri na ya bei rahisi, Chuo Kikuu cha Witwatersrand kule Johannesburg kundi la Coville wameifanyia kazi sana pamoja na chuma na kobalti, asetilini kwenye joto la karibu 700. Lakini ikivunjika yote kuwa oksaidi ya kalsiamu inapoteza asilimia 44 ya uzito wake. Gramu moja inakuwa gramu 0.56. Kama juu yake imeota gramu 0.4 ya kaboni, mizani inakuambia umepata hasara, na mtu anatupa kichocheo kizuri. Na haivunjiki yote kila mara, inategemea joto, muda na mwendo wa gesi, kwa hiyo usikisie. Kaolini, ule udongo mweupe, nayo inapoteza maji yaliyofungwa ndani yake kati ya nyuzi 500 na 600, karibu asilimia 14 kama ni kaolini safi. Magnesia iliyokaa wazi imenyonya maji ikawa sehemu haidroksaidi, na haidroksaidi ya magnesi ikirudi kuwa oksaidi inapoteza asilimia 31 hivi.

Dawa yake: pitisha kichocheo kamili, chenye metali, joto lote na muda wote lakini kwa argoni au naitrojeni badala ya asetilini, pima kimebaki na uzito gani, hiyo ndo namba ya kuanzia. Au pima kaboni moja kwa moja kwa TGA, mashine inayopima uzito joto likipanda, kwa kuichoma kwenye hewa. Huko nako angalia, chuma kilichobaki kinageuka oksaidi na kuongezeka uzito, kila gramu 1 ya chuma inakuwa gramu 1.43, na oksaidi ya kalsiamu iliyokaa nje imeshanyonya maji na kaboni dioksaidi hewani ambavyo vitatoka kwenye TGA vikajifanya kaboni. Masizi yanaanza kuungua mapema, karibu 350 au 400, nanotyubu nzuri zinasubiri mpaka 500 na kitu, ila metali iliyobaki inaharakisha kuungua kwa zote mbili.

Sapoti haitoki kwenye kusafisha

Hili inabidi uliwaze siku unachagua sapoti, ukishaotesha umechelewa. Magnesia inatoka kwa asidi ya haidrokloriki isiyo kali, kalsiamu kaboneti na oksaidi yake zinatoka kwa asidi ya naitriki isiyo kali, na metali iliyo wazi inatoka humohumo. Alumina ni ngumu kuitoa, hasa ikishapata joto. Silika na zeolaiti kawaida zinatolewa kwa asidi ya haidrofloriki, na hii nasema kwa uzito wote: kama maabara yako haina jeli ya kalsiamu glukoneti mezani, glavu zinazofaa na mtu aliyefunzwa, usiiguse kabisa. Inapenya ngozi bila kuuma sana mwanzoni, inashika kalsiamu ya mwili, inaua. Silika inaweza kutolewa na sodiamu haidroksaidi ya moto pia, inachukua masaa, lakini unabaki salama zaidi.

Kwa kaolini hapo ndo pana mtego. Watu wa kwetu tunaipenda kwa sababu ipo, kaolini ya Pugu pale Kisarawe inajulikana, na Nigeria wameshaotesha nanotyubu za kuta nyingi kwenye kaolini wakitumia chuma na kobalti. Kama kichocheo inafanya kazi. Ila ile ghafi imechanganyika na mchanga wa kwatzi, uikoroge kwenye maji na kuacha mchanga utangulie chini kabla ya kuchukua sehemu laini, la sivyo kila mzigo utakuwa na tabia yake. Na ukija kusafisha kwa sodiamu haidroksaidi ya moto, kaolini iliyochomwa haiyeyuki ikaisha, inajipanga upya kuwa zeolaiti juu ya nanotyubu zako. XRD itakuonyesha vilele vipya ambavyo havikuwepo mwanzo. Kwa hiyo kaolini itumie pale ambapo nanotyubu na sapoti vinatumika pamoja bila kutenganishwa, kwa mfano kunyonya uchafu kwenye maji. Kama unataka nanotyubu safi, anza na kalsiamu kaboneti au magnesia tu.

Wiki hii inaota, wiki ijayo haioti

Kichocheo kilekile, mipangilio ileile. Angalia hewa. Pwani unyevu uko juu karibu mwaka mzima, na magnesia iliyoachwa kwenye chupa yenye kifuniko kilicholegea Dar au Mombasa haikai magnesia kwa muda mrefu, inakuwa haidroksaidi na kaboneti. Alumina inashika maji usoni, na maji hayo yanatoka ndani ya tanuru wakati unapandisha joto, wakati mwingine yanasaidia na wakati mwingine yanazuia chuma kisipoteze oksijeni, kwa hiyo unapata matokeo yanayoyumba bila sababu inayoonekana. Weka sapoti na kichocheo kwenye chombo chenye silika jeli, na kabla ya kila kazi shikilia 200 au 300 kwa nusu saa chini ya argoni ili kila mara uanzie mahali pamoja.

Angalia mzigo. Chupa mpya ya gama-alumina kutoka kwa muuzaji yuleyule inaweza kuwa na eneo na vitundu tofauti, upime upya inakunywa maji kiasi gani. Na kama kuna mtu aliipitisha 1100 kwa bahati mbaya, hiyo si gama tena, imekuwa alfa, eneo limeshuka chini ya mita 10 za mraba kwa gramu, na chuma kitakaa juu yake kama mabonge.

Na tyubu ya kwatzi ina kumbukumbu. Kaboni ya kazi zilizopita inabaki ukutani. Ichome kwa hewa kwenye 800 kila baada ya kazi, tyubu ikiwa tupu, na hakikisha umeondoa hidrojeni na asetilini yote kwa argoni kabla ya kufungulia hewa.

Ukiotesha kwenye foili au nyuzi za kaboni

Kifupi: chuma kinazama kwenye shaba, kinazama kwenye nyuzi za kaboni na kuzila mpaka zinapoteza nguvu, na chuma cha pua kinaweza kuotesha chenyewe kwa sababu kina chuma na nikeli ndani, mradi uvunje kwanza ule utando wa oksaidi ya kromi kwa kukichoma kwenye hewa alafu hidrojeni. Kwa zote tatu tabaka jembamba la alumina kati ya foili na kichocheo linarudisha utulivu, ila ukumbuke alumina haipitishi umeme, kama lengo ni elektrodi utalipia hapo, na titani naitraidi, inayopitisha umeme, ndo watu wanaijaribu ingawa msitu wake hauwi mzuri kama wa alumina.

Ukishapita yote hayo na bado

Hapo sasa lawama ihamie kwenye gesi. Asetilini ya mtungi wa kuchomelea imeyeyushwa kwenye asetoni ndani ya mtungi, na mtungi ukikaribia kuisha, shinikizo likishuka, asetoni inatoka nyingi zaidi pamoja na gesi, inaingia tanuruni na oksijeni yake na kaboni yake. Andika shinikizo la mtungi kwenye daftari kila kazi. Ukiona mazao yanaporomoka sambamba na shinikizo, na jaribio la sapoti tupu halijabadilika, badilisha mtungi au pitisha gesi kwenye mtego wa baridi kabla haijafika kwenye tanuru, na kichocheo kiache kama kilivyo.